Nyumba Tupu Mjini Berlin

Ndugu wasomaji, khasa ninyi vijana mnaotazamia kwenda kukaa ng'ambo kwa kazi au elimu, nina habari ndogo ya kuwasimulia, na huenda ikawafaa.

Mwezi wa Oktoba 2023 nalikwenda Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kumtazama mpwa wangu, aliyehamia huko pamoja na mkewe na mtoto wao mchanga. Nalifika siku ile ile waliyokabidhiwa funguo za fleti yao. Tulipofungua mlango sote tukanyamaza. Jikoni hamkuwa na jiko, wala sinki, wala kabati. Palikuwa na mabomba tu yaliyotokeza ukutani. Darini zilining'inia nyaya pasipo taa.

Nalidhani wamedanganywa. Kumbe ndiyo desturi ya nchi ile: nyumba nyingi hukodishwa tupu, na mpangaji ahamapo aghlabu huchukua hata jiko na taa zake, au humwuzia yule aingiaye. Basi yapasa kuuliza kabla ya kutia saini. Tena kodi yao hutajwa kwa namna mbili: kodi "baridi", ndiyo ya nyumba peke yake, na kodi "ya moto", iliyojumlisha gharama za kupasha nyumba joto na huduma nyinginezo. Mwenye nyumba hudai amana pia, lakini sheria haimruhusu kupita kodi baridi ya miezi 3, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu 3. Mpwa wangu hakuyajua hayo. Aliilipa yote kwa mara moja, akabaki na fedha kidogo mno.

Hapo ndipo mtihani ulipokuja. Duka moja la fanicha lilikuwa tayari kumpa jiko kamili, kitanda na makochi, alipe kidogo kidogo kwa miaka 3, pamoja na riba. Baridi ilikuwa imeanza, na mtoto alihitaji maji ya moto. Akaniuliza, "Mjomba, nifanyeje?" Kabla sijajibu, mkewe akasema, "Mimi nimelelewa juu ya mkeka. Heri nilale chini bila deni kuliko kulala juu ya kitanda cha riba."

Basi wakahesabu mambo matatu ya lazima: pa kulala, pa kupikia, na mwanga. Wakanunua magodoro, jiko dogo la umeme la sufuria moja, na taa 2. Vyombo vikaoshwa bafuni. Vilivyosalia wakavitafuta katika maduka ya vitu vilivyokwisha tumika, navyo vilikuwa vizima na rahisi.

Jumapili mpwa wangu akashika keekee ya umeme ili atundike taa. Mara mlango ukabishwa: bibi mmoja mzee wa ghorofa ya chini, amekasirika. Kwao Jumapili ni siku ya utulivu, kadhalika kila usiku tangu saa 4 hata saa 12 asubuhi. Mpwa wangu akaomba radhi, na kesho yake mkewe akampelekea bibi yule sahani ya sambusa. Siku ya tatu bibi akawapa meza yake ya akiba na viti 2. Akawafundisha kufungua madirisha wazi kwa dakika chache mara kadhaa kila siku, hata wakati wa baridi, na kutoegemeza kabati kwenye ukuta wa nje, ili kuta zisiote kuvu. Akawakumbusha pia kwenda kujiandikisha serikalini kabla ya wiki 2 kupita tangu kuhamia, pamoja na hati ya mwenye nyumba. Waarabu hawakukosea waliposema: jirani kabla ya nyumba.

Usiku wa kwanza, kwa mazoea ya Mombasa, nalitaka kutandika msala kuelekea kaskazini, kwani kwetu Makka iko upande huo. Mpwa wangu akatoa dira akanigeuza: kutoka Berlin kibla ni kusini-mashariki. Tukasali katika chumba kitupu, na sauti zetu zikavuma kutani.

Jiko kamili walilinunua Machi 2024, kwa fedha taslimu. Alhamdulillahi, hakuna awadaiye. Kijana aendaye ugenini asione haya kuanza na nyumba tupu. Vyombo huja polepole, bali riba huingia siku moja na kutoka kwake ni taabu.