Tulimpeleka kwa Mjomba Akaonywe

Kina mama wenzetu, haya tunayaandika tukiwa wawili, baba na mama, ingawa aliyeshika kalamu ni mmoja. Tunaishi Musoma na tuna watoto wanne. Binti yetu wa kwanza alimaliza kidato cha sita mwaka jana. Alisoma Kemia, Baiolojia na Jiografia, akafaulu vizuri, tukamshukuru Mungu. Tukamtafutia nafasi katika chuo cha ualimu. Barua ya kujiunga ilipokuja tulilipa sehemu ya kwanza ya ada siku ile ile, tukalala usingizi mzuri.

Wiki mbili kabla ya kufungua chuo akatuambia hataki ualimu. Anataka farasi.

Kwanza tulicheka. Katika mkoa wetu wa Mara utakutana na ng'ombe, mbuzi na punda njiani, lakini si farasi. Mbung'o ni adui yake, na uko ugonjwa mwingine, unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyouma jioni na usiku, ambao humwua farasi kwa muda mfupi sana. Anayefuga farasi huku humchanja, na jua likikaribia kuzama humwingiza bandani. Mambo hayo hatukuyajua sisi. Yeye ndiye aliyetufundisha, akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi.

Aliyapata wapi? Baada ya mtihani wa mwisho tulimwacha aende kwa baba yake mdogo, upande wa Grumeti, magharibi ya Serengeti, akapata kibarua cha kufua mashuka katika kambi ya watalii. Jirani na kambi hiyo palikuwa na banda la farasi wanaopandwa na wageni. Kila alfajiri, kabla ya kazi yake, alikwenda kumsaidia saisi, yaani mtunza farasi. Akajifunza kupiga brashi, kusafisha kwato, kufunga tandiko na kushika hatamu. Mwishowe wakampandisha. Sisi tulidhani anajifunza kunyoosha mashuka!

Sasa alikuwa na ujumbe kwenye simu: zizi moja nchini Kenya lilikuwa tayari kumpokea awe saisi, aanze Jumatatu ya wiki iliyofuata. Na ndoto yake haikuishia kwenye kusafisha banda. Alitaka siku moja apande katika mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi. Baba yake akauliza mbio hizo hufanyika siku gani. Jumapili, akajibu. Siku ya Bwana, na watu wakiweka dau! Nyumba yetu ilinuna siku tatu.

Kina mama mnajua, wazazi wakishindwa humtafuta mtu wa tatu. Kwetu mtu huyo ni kaka wa mmoja wetu (msomaji atabaini ni wa nani), ambaye hapa tutamwita Mjomba, kama watoto wanavyomwita. Anaishi kata ya Nyanungu, wilaya ya Tarime. Ni mzee wa kanisa, mfugaji, na alikuwa ameahidi kuuza mtamba mmoja ili kumalizia ada ya chuo. Tukasema tukamsalimie mwisho wa wiki. Tusiwafiche: tulimpeleka binti akaonywe.

Tuliondoka Ijumaa mchana. Basi likavuka Mto Mara katika daraja la Kirumi, na hakuna aliyezungumza. Tarime mjini tukaingia gari dogo lililojaa watu na magunia, tukala vumbi hadi giza likaingia. Nyanungu iko pembezoni, jirani na mpaka wa Kenya na karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wakurya wa huko wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo neno "Kenya" lililotutisha Musoma, kule ni kama kusema "kule ng'ambo kwa shangazi".

Tulipokelewa kwa ugali wa ulezi na maziwa. Wifi alituandalia maji ya kuoga ya moto, na Mjomba akasema mambo ya kuongea yatasubiri watu walale kwanza.

Jumamosi asubuhi alipita mzee jirani kutusalimia. Akamtazama binti yetu toka utosini hadi kwenye viatu, akauliza kama amemaliza shule. Tulipoitikia, akaanza kumsifu mjukuu wake na kutaja ng'ombe. Alicheka, lakini hakuwa anatania. Wifi akamkaribisha uji kwa sauti kubwa, akamgeuzia habari za mahindi na tembo walioingia shambani, mpaka mzee akaaga. Kisha akatugeukia. "Mnaona? Huyu msimrudishe nyumbani akae tu. Iwe chuo, iwe farasi, lakini kukaa tu hapana."

Wifi hakusoma zaidi ya darasa la tatu. Aliolewa akiwa mdogo kuliko binti yetu. Maji ya nyumba ile huletwa na punda wake wawili, na mmoja alikuwa akichechemea tangu Jumatano. Kwa hiyo Wifi alikuwa akibeba ndoo kichwani, na umri umekwenda.

Binti aliposikia hayo akaacha kikombe chake, akatoka. Tulimkuta ameegemea ubavu wa punda, akimwongelesha polepole huku akiteremsha mkono kwenye mguu wa nyuma. Punda yule huuma, tuliambiwa baadaye. Kwake aliinua mguu. Binti akachokonoa tope, akatoa kijiwe kilichokwama, na chini yake pakatoka usaha. Akaomba maji ya moto na chumvi, akaosha, akafunga kitambaa safi.

"Sasa tumtie dawa gani?" Wifi akauliza. "Na kiasi gani?"

Binti akanyamaza. Tukapigia simu afisa mifugo, akasema yuko safarini hadi Jumanne. Wifi akauliza tena, kwa upole, maana punda si mnyama wa kupatikana kirahisi tena. Biashara ya ngozi zao iliwamaliza wengi hadi Serikali yetu ikazuia uchinjaji wao mwaka 2022, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika nao wakaukataza uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Binti akasema hajui.

Ndipo akatusimulia jambo ambalo hakuwa ametuambia. Kule kwenye banda, usiku mmoja, farasi mchanga alianza kuhema kwa shida, povu likamtoka puani. Saisi alikuwa mtu wa miaka mingi katika kazi ile. Alimshika kichwa, akamfuta, akaomba. Daktari alikuwa mbali. Kabla ya mapambazuko farasi akafa. "Nilikuwa nimeshika taa tu," alisema. Na sisi, wazazi wake, tulikuwa tumeishi naye nyumba moja karibu miezi miwili bila kulisikia hilo, maana kila alipotaja farasi tulikuwa tumeshajibu.

Jioni, katika ibada ya nyumbani, Mjomba alisoma Hesabu sura ya 22, habari za Balaamu aliyempiga punda wake mara tatu, na kumbe punda ndiye aliyemwona malaika njiani. Akafunga Biblia, akamgeukia baba wa binti. "Shemeji, ninyi mmepiga mara ngapi?"

Baba akainuka, akatoka nje. Alikasirika, tusiseme uongo. Alikaa kwenye giza karibu na zizi muda mrefu, na Mjomba akamfuata, na walichozungumza hatukisimulii chote. Mjomba alimwambia hata polisi wetu wana kikosi cha mbwa na farasi, kwa hiyo farasi si wazimu. Lakini pia alisema hatampa baraka mtoto wa dada yake avuke mpaka peke yake kwenda kwa watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewaona.

Jumapili baada ya kanisa tulimwita binti akae nasi, tukamwuliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza Musoma: je, usiku ule ulipenda kuwa nani pale bandani? Hakufikiri sana. Akasema, yule daktari aliyechelewa.

Basi tukaanza kuhesabu. Iko Wakala ya Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, yenye kampasi kama Tengeru, Mpwapwa na Mabuki. Mabuki iko wilaya ya Misungwi, si mbali nasi. Hapo hufundishwa afya ya mifugo, na akipenda kuendelea ipo Sokoine kule Morogoro, wanakosoma udaktari wa wanyama. Masomo aliyonayo yanaelekea huko huko. Lakini maana yake ilikuwa kuiacha nafasi ya ualimu iliyokwisha patikana, kupoteza ada tuliyolipa, na kusubiri mwaka mzima bila uhakika wa kuchaguliwa. Mmoja wetu alilia. Ile fedha ilikuwa ya mafungu ya kikundi, na bado tunairudisha.

Yeye naye alilipa. Aliwaandikia wale wa Kenya kwamba haji. Alituma ujumbe mbele yetu, akazima simu, akaenda kukaa na punda mpaka gari lilipopiga honi. Ngong hajaiacha moyoni, tunajua, na hatujui tutasema nini siku itakaporudi mezani.

Mjomba hakuuza mtamba. Alisema atamwacha hadi ada halisi itakapojulikana.

Maombi ya chuo tumekwisha kuyatuma. Juzi Wifi alipiga simu. Punda amerudi kubeba maji, ila kwenye mteremko bado anachechemea kidogo, na anauliza binti aje lini kumtazama.