Nusu Saa ya Mtu Usiyemjua



Neno la leo lilinihukumu mimi kwanza kabla sijakuletea wewe. Miaka miwili iliyopita, usiku, kijana nisiyemjua aliniandikia: "Pasta, samahani, una dakika moja?" Niliuona ujumbe. Nikasema moyoni, nitamjibu kesho. Kesho ilikuwa na mazishi, kesho kutwa kikao cha wazee, kisha semina. Siku ya tisa nikampigia. Namba haikupatikana. Mpaka leo haipatikani.

Sikuwa mvivu, mpendwa. Nilikuwa na kazi nyingi ya Mungu hata nikakosa nafasi ya mtu wa Mungu.

Soma Matendo 8. Filipo alikuwa Samaria, mji umejaa furaha, wagonjwa wanapona. Wakati huo huo akatumwa barabara ya Gaza, jangwani, kwa ajili ya msafiri mmoja tu, Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya bila kuelewa. Hawakujuana. Filipo angeweza kusema, "Nina mkutano." Badala yake alikimbia kulifikia lile gari.

Basi nikatangaza kwenye ukurasa wangu: kila Alhamisi, saa nane hadi saa kumi, mtu yeyote, wa dini yoyote, achague nusu saa tuongee kwa simu au kwa video. Wiki ya kwanza hakupiga mtu. Ya pili alipiga mmoja, akitaka nimtumie pesa kwa M-Pesa. Wazee wa kanisa wakanicheka.

Wiki ya tatu mzee mmoja alinisimulia habari za ng'ombe wake wa maziwa kwa dakika ishirini. Nikaanza kuangalia saa. Kisha akanyamaza. Akasema, "Pasta, aliyekuwa akimkama ni mama watoto. Tulimzika mwezi jana."

Siku hiyo sikuhubiri. Tulilia tu, mimi huku na yeye kule.

Watu wengi hawaanzi na kidonda. Wanaanza na ng'ombe. Ukiwa na haraka, utaishia kwa ng'ombe.

Si lazima uwe pasta. Tenga saa moja kwa wiki. Lakini uwe na hekima. Mke wangu anaijua ratiba yangu, na dada mwenye mambo mazito ya ndani namkabidhi kwake. Usitume pesa kwa mtu usiyemjua, wala usimwage siri za nyumba yako. Mtu akikuambia anataka kujiua, omba naye, lakini usiishie hapo: usikate simu, mtafute jamaa aliye karibu naye, afikishwe hospitali.

Na usiogope kwamba huna maneno. Mimi nilikaa chuo cha Biblia nikajifunza kuhubiri. Kunyamaza nimefundishwa na watu nisiowajua, siku za Alhamisi.

Kijana wangu, kama siku moja utasoma hapa: nisamehe. Sasa ninayo hiyo dakika. Ninazo thelathini.

Tuombe: Baba, ratiba yangu ni yako. Nifungulie masikio kabla hujanifungulia kinywa. Yule utakayemleta wiki hii, asinikute nina haraka. Katika jina la Yesu, amina.

Wewe ni nani aliyekuandikia na hujamjibu? Mpigie leo. Ubarikiwe.