Safari Nyepesi ya Guangzhou

Wengi wenu mwajua kuwa wafanyabiashara wa Buyenzi huenda Guangzhou kununua bidhaa. Nilipomweleza Shangazi kuwa baada ya mitihani nataka kwenda badala yake, peke yangu, alicheka, kisha akanyamaza. Meza yake ya vitambaa iliteketea pamoja na soko kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013. Alianza upya kwa mkopo, akaenda China mara kadhaa, na sasa magoti hayamruhusu. Fedha nitakayoibeba ni jasho lake lote.

"Ndege itakufikisha, mwanangu," akasema. "Ukishafika, je?"

Basi nikachukua daftari nikaandika. Kwanza pasi, kisha viza katika Ubalozi wa China hapa hapa mjini. Ndege nitabadilisha Addis Ababa. Saa za kule zimetutangulia kwa sita: sisi tukila chakula cha mchana saa sita, kule ni saa kumi na mbili jioni. Yapasa kuepuka majuma ya maonyesho makubwa ya biashara, yafanywayo mara mbili kwa mwaka tangu 1957, maana hoteli hujaa na bei hupanda. Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun iko reli ya chini ya ardhi mpaka mjini, na majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu. Nitafikia Xiaobei, mtaa unaojulikana sana na Waafrika.

Nilimsomea Shangazi hayo yote kwa majivuno, nikaongeza kuwa Kifaransa na Kiingereza nilivyosoma vitanitosha. Hakunijibu. Alifungua mkoba, akatoa kadi ya hoteli iliyochakaa, imeandikwa Kichina mbele na nyuma.

"Nisomee," akasema.

Sikuweza hata herufi moja. Yeye, aliyeacha shule darasa la nne, alikuwa akimwonyesha dereva wa teksi kadi hiyo, na kila jioni akafika salama.

Ndipo nilipofahamu kwamba safari huwa nyepesi kwa yule atambuaye asichokijua, akakitafutia dawa kabla ya kuondoka. Ruhusa bado sijapewa. Atanijibu matokeo yakitoka. Lakini kadi amenikabidhi, na jina la Guangzhou, lenye herufi mbili tu, nimekwisha jifunza kuliandika.