Somo Tulilolipata Pugu



Juzi bibi harusi mmoja katuuliza tena suali lile lile: zimebaki wiki tatu, anywe nini mwili upungue? Tungeweza kumjibu kwa maneno mawili. Tumeona bora tukuhadithieni habari ya Pugu.

Sisi ni watoto wa ndugu wawili, tumezaliwa Unguja, tumepishana miezi minne. Tulipoingia kidato cha tatu tulivushwa bahari, tukakaa kwa shangazi yetu Pugu, mbele ya Gongo la Mboto, upande wa mnada wa ng'ombe. Ukitaja Pugu, wengi hukumbuka skuli ya wavulana aliyofundisha Julius Nyerere mpaka akaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Yetu ilikuwa nyengine, ndogo, ya wasichana na wavulana. Lakini ilikuwa na kitu ambacho hatukukizoea: Elimu ya Michezo ilifundishwa kama somo la mtihani wa kidato cha nne.

Tusifiche, tulilichagua kwa ujanja. Daraja la kidato cha nne hupigwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, na Fizikia ilikuwa inatutoa machozi. Tukasema: kukimbia nani asiyejua?

Tulikuwa hatujui. Kumbe kuna mifupa ya kuhifadhi, moyo na mapafu, chakula na kazi yake mwilini, vipimo vya viwanja, sheria za michezo, na huduma ya kwanza. Tulijifunza kushika kiganja na kuhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, kisha kuzidisha kwa nne.

Mtihani wetu wa kwanza ulikuwa wa nguo. Mwalimu alitaka fulana na bukta, na uwanja uko wazi, wavulana wamejaa pembeni. Mama wa mmoja wetu alipopata habari alipiga simu: "Nimekupelekeni mkasome, sikukupelekeni mkakimbie mbele za watu!" Mwalimu naye akasema sare ni sare. Wiki nzima tukakaa chini ya mwembe, wenzetu wanaruka, sisi tunaandika. Ilituuma. Nyumbani tunaonekana tumepotoka, skuli tunaonekana wavivu.

Shangazi hakugombana na mtu. Alitoa cherehani, akatushonea suruali pana za pamba, kanzu za kufika magotini, na mitandio iliyobana kidevuni isipeperuke. Kisha akajifunga buibui lake, akaenda skuli. "Mwalimu," akamwambia, "wewe unapima miguu yao inavyokimbia, au inavyoonekana?" Mwalimu akacheka, akakubali. Mama naye alipoelezwa zile nguo akanyamaza, na kwa mama yule kunyamaza ni ruhusa.

Siku hizi jambo hili lingekuwa jepesi. Wakuu wa mpira wa miguu duniani waliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na wa mpira wa kikapu wakafuata mwaka 2017. Sisi tulikuwa na cherehani ya shangazi tu.

Matokeo yalipotoka, mmoja wetu alipata B, mwengine C. Mama aliuliza: "Na Hisabati?"

Miaka ikapita, mmoja wetu akawa bibi harusi. Gauni lilikuwa linabana, akaletewa majani ya kupunguza tumbo. Siku nne akawa anayanywa na kula mlo mmoja, na kila saa yuko chooni. Siku ya kusingwa, chumba kina joto, udi unafuka, akasimama akaanguka. Wakapiga kelele: jicho! shetani! Mmoja kaleta kikombe amtie maji mdomoni, naye hajitambui.

Mwenziwe akakumbuka uwanja wa Pugu. Akakizuia kile kikombe, maana asiyejitambua hupaliwa. Akamlaza chali, akahakikisha anapumua, akainua miguu yake juu ya mito, akalegeza kanga, akafungua dirisha. Akashika kiganja akahesabu: moyo unakwenda mbio, lakini upo. Haikufika dakika akafumbua macho. Hata hivyo tulimpeleka hospitali, na daktari akasema mwili umekaukiwa maji. Alitundikiwa dripu mbili, na harusi ikafanyika. Gauni tulilitoa upindo.

Tangu siku ile hatusemi tena kwamba tulilichagua somo lile kwa ujanja. Bibi harusi hupewa somo wake wa kumfunda mambo ya ndani, na ni jambo la heri. Lakini mwili huo huo anaofundwa kuupamba, nani anamfunda jinsi unavyofanya kazi?

Na tusiambiwe kwamba mwanamke wa Kiislamu na mbio ni mbali mbali. Imepokewa kuwa Bibi Aisha (RA) alishindana mbio na Mtume (SAW) akamshinda, na baadaye, alipokwisha kunenepa, Mtume akamshinda yeye. Mume na mke walikimbia, wakafurahi, na unene haukuwa aibu.

Basi shoga yetu wa wiki tatu, usinywe kitu. Kula, kunywa maji, na utembee kwa haraka nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima akifikie. Kama gauni linabana, mwite fundi.

Nanyi mama zetu, binti akikwambieni skuli yao ina somo la michezo, msikimbilie kukataa. Ulizeni kwanza uwanja ukoje na nguo zikoje, kisha toeni cherehani.

Tuombeaneni dua.