Siasa za Ulimi na Vyombo vya Umbea: Kisa cha Neno "Madoadoa"

Ng'ombe wa maziwa anayeonekana katika maboma mengi ya Uasin Gishu ni Friesian, mnyama wa madoadoa meusi na meupe. Hakuna mfugaji aliyewahi kumsugua ng'ombe huyo akitaka madoa yatoke. Kimofolojia neno lenyewe halina hatia: ni nomino "doa" iliyorudufishwa, ikapata maana ya mabaka mengi yaliyotapakaa. Chui ana madoadoa, kanga wa porini ana madoadoa, na bibi akichagua leso ya madoadoa sokoni hakuna anayegeuka kumtazama.

Lakini neno hilo hilo likitamkwa jukwaani mjini Eldoret, watu wazima hutazamana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumo wa vyama vingi uliporejea na mikutano ya kudai majimbo ikafanywa Bonde la Ufa, "madoadoa" lilikuwa jina la jirani ambaye asili yake ni kwingine: Mkikuyu, Mkisii, Mluhya, mtu aliyelima, akazaa na kuoza hapo hapo kwa miaka mingi. Kuondoa doa ni kazi ya usafi. Ndiyo maana sitiari hii ni hatari kuliko tusi. Tusi humchokoza mtu, ilhali sitiari hii humwondolea msikilizaji haya kabla hajashika kiberiti.

Tarehe 8 Januari 2022, katika mkutano wa chama cha UDA kwenye uwanja wa Eldoret Sports Club, Mithika Linturi, wakati huo akiwa Seneta wa Meru, aliwahimiza wakazi kuondoa madoadoa. Kesho yake alikamatwa, kisha akafikishwa mahakamani Nakuru. Aliomba radhi, akasema maneno yake hayakuwa na nia ile aliyodhaniwa. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa Waziri wa Kilimo.

Utetezi wa aina hiyo wanafunzi wa pragmatiki wanaujua vyema, nao haufai kudharauliwa, kwa kuwa nia ya msemaji ni jambo la kuzingatiwa mahakamani. Hata hivyo, maana haikai mdomoni mwa msemaji peke yake. Inakaa pia katika kumbukumbu ya anayesikiliza. Mgeni anaweza kusema hakujua; Eldoret inajua.

Na vyombo vya habari je? Haki isemwe: wapo wanahabari waliorudi katika historia ya neno na kulieleza kwa uangalifu. Lakini mijadala mingi ya asubuhi redioni na ya usiku runingani ilikimbilia swali jingine, yaani kauli ile ingempunguzia nani kura, hasa Mlima Kenya, na nani angefaidika na kuteleza kule. Doa lililojadiliwa likawa lile lililoangukia shati la mwanasiasa. Mama muuza mboga wa Langas, ambaye neno lile lilimhusu yeye na wanawe, hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo.

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya habari zisizo na uhakika, na kila moja lina mpaka wake. Fununu ni dokezo lisilothibitishwa, ambalo huenda likawa kweli. Tetesi husemwa chini chini. Uvumi umekwisha kuenea na haumjui tena aliyeuanzisha. Umbea na udaku hupekua mambo ya watu kwa ajili ya utamu wake tu. Mhariri hodari alipaswa kuwa mlinzi wa mipaka hiyo. Siku hizi fununu huingia chumba cha habari asubuhi na kutoka jioni ikiwa kichwa cha habari, ikiongezewa neno "yadaiwa" ili kumkinga mchapishaji. Nani amenuniana na nani, nani hakualikwa ikulu, nani kaonekana akila chakula na hasimu wake: hizo ndizo siasa anazouziwa msomaji.

Kwingineko pengine hilo ni suala la ladha. Kwa Eldoret si hivyo. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Pengo lile lilijazwa na uvumi uliosafiri kwa ujumbe mfupi wa simu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa moto na wanawake na watoto waliojificha ndani wakateketea. Siku mbili baadaye magazeti makuu ya nchi yalitoa ukurasa wa kwanza wenye wito mmoja wa kuiokoa Kenya. Kumbe magazeti yaliweza kusema kwa sauti nyingine, ila moto ulikuwa umetangulia. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na ikavitaja baadhi ya vituo vya redio vya lugha za kiasili miongoni mwa vilivyochochea uhasama. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai pamoja na William Ruto. Tarehe 5 Aprili 2016 majaji walio wengi waliikomesha kesi hiyo kwa udhaifu wa ushahidi, bila kuwatia hatiani wala kuwatangaza kuwa hawana hatia.

Siasa za kuwafurahisha watu hazianzi na chuki, jambo ambalo wachambuzi wengi husahau. Huanza na dhiki ya kweli. Kijana aliyeitwa "hasla" mwaka 2022 na kuonyeshwa picha ya wilbaro alikuwa kweli hana ajira. "Kazi ni kazi" ni kauli isiyopingika kwa kuwa haisemi chochote: kiima na kiarifu ni kitu kimoja. Kueleza jinsi kiwanda cha nguo cha Rivatex kilivyoanguka, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kinavyohitaji pamba ya kutosha, kunahitaji nusu saa na msikilizaji aliyeshiba. Kaulimbiu haihitaji hata pumzi moja. Mwaka 2025 mabishano ya kitaifa yalisinyaa zaidi yakawa "wantam" dhidi ya "tutam".

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno yaliyohesabiwa kuwa ya chuki. "Madoadoa" lilikuwemo, "kwekwe" likawemo, na "hatupangwingwi" pia, neno la vijana ambalo mzizi wake ni -pang- na kiambishi tamati chake hakimo katika sarufi yoyote. Nia ilikuwa njema. Lakini orodha ni kama kufungia kisu na kumwacha mshikaji. Kesho atatafuta panga. Pia inamnyang'anya mfugaji na mshonaji neno lao kwa kosa la mwingine. Ni ajabu kwamba katika mjadala ule wanaisimu wa Kiswahili walisikika kidogo mno, ingawa neno lililokuwa kizimbani ni lao, na waliojitokeza kulifasiri ni mawakili na wasemaji wa vyama.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022, baadhi ya familia zilihama Eldoret kwa muda, watoto wakatangulizwa kwa babu na nyanya, magodoro yakifungwa juu ya matatu. Kura ilipita kwa amani, wakarudi. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na mikutano ya wikendi imekwisha kuanza. Wapo wanaosikiliza hotuba hizo huku wakikumbuka mahali walipoiweka kamba ya kufungia magodoro.