Doa dogo kwenye ubongo wa Baba

Nimekuwa kimya kwa majuma mengi, na sababu ni kwamba baba yangu alipatwa na kiharusi. Yeye ni fundi cherehani, na mkono uliopooza ni wa kulia.

Hospitalini walimpiga picha ya CT ya kichwa, tukapewa na sidii. Picha hiyo ina kazi yake: huonyesha kama mshipa umepasuka au umeziba, maana matibabu yake hayafanani. Lakini mimi na ujuaji wetu wa watu wa tarakilishi, niliifungua nyumbani nikitafuta jibu la swali jingine. Baba alikuwa ameniuliza, "Wewe mtu wa mashine, hiyo picha inasema nitashona tena?" Nikaona doa dogo kama punje ya haragwe. Nikamwambia, "Ni kidogo tu, Baba. Utapona."

Doa lilikuwa dogo kweli, ila lilikaa pale ambapo nyuzi zinazobeba amri za mkono na mguu hubanana zikishuka kuelekea uti wa mgongo. Ni kama mtu akate waya mmoja tu nyumbani kwako, kumbe ni ule unaotoka kwenye mita.

Majuma yakapita, vidole havikufunguka. Ndipo nikaanza kusoma. Katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, Cathy Stinear na wenzake walichapisha mwaka 2012 utaratibu uitwao PREP, wa kutabiri mkono utakuwa umefika wapi baada ya miezi 3. Ulikuwa na kupima nguvu za mkono, mpigo wa sumaku juu ya kichwa, na picha ya MRI. Mwaka 2017 wakatoa toleo la pili. Walichukua data za wagonjwa 207, wakaiacha programu ichague vipimo na kujenga mti wa maamuzi. Mimi ningeweka dau kwa MRI. Ikaachwa nje kabisa!

Mti wenyewe ni mfupi. Ndani ya siku 3, mgonjwa huinua mkono kwa pembeni kutoka begani, kisha hunyoosha vidole. Kila tendo hupewa alama 0 hadi 5. Jumla ikifika 5 na umri haujafika miaka 80, utabiri ni mzuri sana. Isipofika 5, hutumika sumaku: msuli wa mkono ukiitikia mpigo, njia bado ipo, na utabiri ni mzuri. Usipoitikia, huangaliwa ukali wa kiharusi chote kwa alama za NIHSS, na hapo matarajio ni madogo. Hupatia kwa asilimia 75 hivi, yaani mtu mmoja kati ya wanne hukosewa.

Niliuandika usiku uleule, mistari michache tu. Kisha nikakaa nikitazama skrini, kwa sababu sikuwa na cha kuingiza. Hakuna aliyeandika vidole vya Baba vilikuwaje siku ya tatu. Nikamwuliza Mama. Akasema, "Nilipomvisha shati, bega lilitikisika. Vidole, la." Sumaku hatukuwa nayo. Programu yangu ikaishia hapo.

Nilimwendea Baba nikamweleza kwamba nilisema nisilolijua. Alinyamaza kidogo. "Ungeniambia hujui," akasema, "ningekuwa nimeshaanza kujifunza kukata kitambaa kwa mkono wa kushoto."

Nilikumbuka jambo jingine la Auckland: wahudumu wa mazoezi ya viungo walipopewa utabiri, walibadilisha mazoezi kulingana nao, na wagonjwa wakaruhusiwa kwenda nyumbani takriban wiki moja mapema, bila mkono kuwa na hali mbaya zaidi.

Mkono wa kulia bado anaufanyisha mazoezi kila asubuhi. Wa kushoto unahitaji mkasi wake, ule uliotengenezwa kwa watu wa mashoto. Jumamosi nimezunguka Nairobi hadi jioni bila kuuona. Anayejua unakouzwa, tafadhali anielekeze.