Safu ya Tatu ni ya Nani?

Ndugu msomaji, kabla sijaingia katika habari za motokaa, hapana budi nianze kwa kuungama. Mimi ni askari polisi, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ya barabarani. Nimeyasimamisha mabasi madogo mengi yaliyopakia watu kupita kiasi, nikawaamuru abiria washuke, nikawahubiria madereva juu ya thamani ya uhai wa binadamu. Lakini kila Desemba, nilipokuwa nikiipeleka jamaa yangu nyumbani Arua, sisi wenyewe tulikuwa watu saba ndani ya gari dogo la viti vitano. Mama yangu mzazi aliketi mbele kwa ajili ya magoti yake. Mke wangu na watoto wanne walibanana nyuma, kitinda mimba akiwa mapajani.

Kutoka Kampala hadi Arua ni safari ya zaidi ya kilomita 450. Huvuka Mto Nile pale Karuma, ambako nyani hukaa kando ya barabara wakingoja matonge ya wasafiri, kisha huvuka tena Pakwach, ndipo upande vilima vya kuelekea Nebbi. Katika safari ya mwaka 2022 tulisimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana aliinama dirishani, akanitambua, akapiga saluti na kusema, "Safari njema, afande." Tulipokwisha kuondoka, binti yangu wa miaka tisa aliuliza, "Baba, mbona huyu askari hakutuhesabu?"

Sikuwa na jibu. Mke wangu aligeuza uso akatazama nje. Ndipo nilipoazimia kwamba jamaa yangu haitasafiri tena namna ile.

Kwa mtu mwenye mshahara kama wetu, azimio la namna hiyo lina gharama. Fedha zilikuwa akiba yetu ya miaka sita pamoja na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa, ambao marejesho yake hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Mke wangu aliniambia waziwazi, "Baba watoto, tukinunua gari bovu, tutakuwa tumeiuza karo ya watoto." Kwa hiyo nilijipa miezi mitatu ya kuchunguza magari ya familia yenye safu tatu za viti, yale ya ukubwa wa wastani yaliyoinuka kutoka ardhini. Jina la gari nililolinunua sitalitaja, kwa kuwa sikuja kutangaza biashara ya mtu wala kuiharibu.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba magari haya, ingawa hufanana kwa sura, ni ya koo mbili. Ukoo wa kwanza hujengwa juu ya chesi ya chuma kama malori. Humo wamo Toyota Land Cruiser Prado, na Fortuner ambayo ni nduguye Hilux. Magari hayo huvumilia mashimo, matope na mizigo, lakini ni mazito na bei yake ni kubwa. Ukoo wa pili hujengwa kama gari dogo lililokuzwa, bodi na chesi vikiwa kitu kimoja. Mfano wake ni Kluger, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2000 na ambayo Marekani huitwa Highlander. Msingi wake ulitokana na Camry. Magari ya ukoo huu ni mepesi zaidi na hutulia vizuri katika lami, ila hayakuumbwa kushindana na mabonde kila siku. Nilijiuliza kwa unyofu: je, mimi huenda porini mara ngapi? Barabara ya Arua ina lami, na njia ya udongo hadi kwa mama ni kilomita nne tu. Nikachagua ukoo wa pili.

Gari la kwanza nililooneshwa liling'aa kama kioo. Mwuzaji aliapa kwamba lilitengenezwa mwaka 2012. Msomaji, shika jambo hili: tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa kwake, na kwa hiyo umri wa gari ni fedha. Niliuvuta mkanda wa usalama mpaka mwisho. Kwa kawaida pana kitambaa kidogo kilichoshonwa karibu na mwanzo wa mkanda, nacho huandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa. Kilisema 2009. Nilipomwonesha mwuzaji, alinijibu kwa tabasamu, "Afande, huo ni mkanda tu." Nikaaga kwa heshima, nikaondoka.

Gari la pili lilikuwa mali ya mtumishi mmoja aliyekuwa akihama. Nililiendea asubuhi, likiwa bado baridi, maana injini iliyopashwa moto kabla hujafika huweza kuficha maradhi yake. Fundi wangu alilala chini akatafuta dalili za oili na maji. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi akainusa; oili iliyoungua hunuka na kuwa nyeusi. Nasi tulisoma matairi. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2317 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2017, nalo hata kama lina meno mazuri, mpira wake umezeeka. Matairi mawili yalikuwa ya namna hiyo. Bei ikapunguzwa.

Kisha nilifanya jambo lililomshangaza mwenye gari. Nilirudi siku ya Jumapili na jamaa yangu yote saba. Nilisema moyoni, askari hajaribu kiatu kwa kukitazama.

Hapo ndipo ukweli wa safu ya tatu ulipojitokeza. Kifungua mimba wangu, kijana wa miaka 16, alipoketi nyuma kabisa magoti yake yalikaribia kidevu, kwa sababu sakafu ya huko iko juu na kiti kiko chini. Mama alijaribu kupita katikati ya viti vilivyokunjwa, akashindwa, akasema, "Mwanangu, huko nyuma ni kwa mbuzi." Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli: safu hiyo si ya wazee wala watu warefu. Aidha, kutoka kichwa cha anayeketi pale hadi kioo cha nyuma ni nafasi ndogo mno. Hakukuwa na tundu la hewa baridi kwa ajili yao, na mtoto anayetapika safarini angepata taabu.

Tulipotafuta mikanda ya safu hiyo, mmoja ulikuwa umejificha chini ya kiti, na kifungo cha mwingine kilikuwa kimevunjika. Mwenye gari alisema kwa upole kwamba huko huketi watoto tu. Msomaji, maneno hayo, "watoto tu," yalinichoma. Nimefika kwenye ajali nyingi. Nimewaokota watoto waliokuwa wamepakatwa, kwa kuwa gari linapogonga, mikono ya mama, hata awe na upendo gani, haiwezi kumzuia mtoto. Mwendo humfanya awe mzito mara nyingi kuliko uzito wake. Kama safu ya tatu haina mikanda, gari la viti saba ni gari la viti vitano lenye uwongo nyuma yake. Tulikubaliana kwamba kifungo kitengenezwe kabla sijatoa hata shilingi moja, nami nikakikagua mwenyewe.

Jambo la mwisho lilikuwa mizigo. Viti vyote saba vikiwa vimeinuliwa, nyuma palibaki nafasi ya mifuko miwili ya shule. Watu wengi hapo hukimbilia keria. Lakini gari la juu tayari lina uzito wake juu. Ukiliongezea magunia kichwani, kona iliyokuwa salama kwa kilomita 80 kwa saa huwa hatari. Hali kadhalika, kwenye nguzo ya mlango wa dereva mara nyingi pana kibandiko kinachoonesha upepo wa matairi, na katika magari mengi upepo wa gari lililojaa si sawa na wa gari tupu. Tuliamua kwamba mizigo itatangulia kwa basi siku moja kabla, nasi tutaifuata.

Basi tulinunua, na leo naweza kutoa hesabu bila kuficha. Lile gari dogo lilikwenda kilomita 13 kwa lita moja ya petroli. Hili hunipa 9 katika barabara kuu, na mjini hushuka hadi 7. Matairi yake ni ghali zaidi. Kwa sababu hiyo, siku za kazi gari hulala nyumbani, nami hupanda basi dogo kama raia wengine. Majirani wengine hucheka. Nawaachia kicheko chao; mkopo ni wangu.

Katika safari ya Desemba 2023, mama aliketi mbele. Safu ya pili ilikuwa ya mke wangu, kifungua mimba, na kitinda mimba katika kiti chake maalumu cha mtoto. Safu ya tatu ilikuwa ya wale wawili wa katikati, na kila baada ya saa mbili tulisimama wanyoshe miguu. Kabla hatujaondoka, binti yangu alisimama mlangoni akatuhesabu kwa sauti, mtu na mkanda wake, mpaka saba. Hakuna askari aliyetusimamisha njia nzima.

Ndugu zangu wa jeshi na polisi, na akina mama mnaosoma ukurasa huu, sikushaurini kukopa. Mwenye watoto wawili hana haja ya viti saba, na basi zuri lenye dereva mwangalifu ni bora kuliko gari la fahari lisilolipika. Lakini mkipeleleza gari la namna hii, anzeni nyuma. Fungueni mlango wa mwisho, inueni safu ya tatu, mketi pale ninyi wenyewe walau kwa robo saa, huku mkanda mmeufunga. Ndipo mwende mbele kushika usukani.